Biskuti za Pentekoste

Jumatatu, 3 Machi 2025

Tumerudi nyumbani Murukulazo jana jioni, mimi na binti yangu Josiane, kutoka hospitali ya Mwanza. Mume wangu Frednand akija Jumamosi kutoka Nyakahura anakouza mitumba atataka kujua kila kitu, na mimi nikisimulia husahau nusu. Basi naandika.

Miaka yote hii tumetibu minyoo, tumetibu taifodi, tumemnywesha mizizi ya kila aina. Tumbo linavimba, mtoto anaharisha, anapona kidogo, linavimba tena. Daktari wa Mwanza ni mwanamke kijana, anaongea polepole. Alisema, "Mama, mwili wa mwanao unapigana na ngano. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni. Kikifika kwenye utumbo wake, utumbo unajiumiza wenyewe. Hakuna kidonge. Dawa ni kutokula ngano kabisa, hata chembe, maisha yake yote."

Nikamuuliza kama ataweza kuonja tu, siku ya sikukuu.

"Hata kuonja, mama."

Josiane ana miaka tisa na mikono ya mtoto wa miaka sita. Alisikiliza yote. Tulipofika nyumbani, anavua viatu, ndipo akauliza: "Na biskuti za Komunyo?"

Parokiani kwetu watoto wakishapokea Komunyo ya Kwanza wanaketi ukumbini kwenye meza yao peke yao, wanaandaliwa chai, mikate na biskuti, na sisi wakubwa tunasimama kuwahudumia. Josiane ameitamani meza ile tangu alipomwona binamu yake amekaa pale na gauni jeupe. Mwaka huu ni zamu yake, siku ya Pentekoste.

Nikamwambia, "Utakula biskuti. Na zitakuwa zile zile wanazokula wenzako."

Mama mkwe wangu Esperansia alikuwa amesimama mlangoni. Anaishi nasi hapa hapa uani, kwenye nyumba yake ndogo. Akasema, "Tangu lini ngano ikawa sumu? Wazungu wanaila tangu wazaliwe, wanafika miaka mia."

Sijui kuoka, sina oveni, na biskuti sijawahi kutengeneza. Lakini nimeshasema.

Jumatano, 5 Machi

Unga wa ngano wote nimempa jirani. Masufuria, miiko na kikaango nimevisugua kwa majivu. Jumatano ya Majivu kweli kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Jaribio la kwanza. Nimekaanga unga wa mahindi mkavu, nikauchanganya na maji ya sukari, nikaukandamiza kwenye sinia. Haukuwa biskuti, ulikuwa ugali uliokasirika. Frednand alitafuna kipande, akasema, "Si mbaya," kisha akaomba maji, akayanywa yote.

Nilimweleza habari ya Mwanza. Alikaa akiangalia miguu yake. Alisema, "Kila nikija nilikuwa namletea mkate." Nikamwambia hakuna aliyejua.

Jumanne, 11 Machi

Mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Nilianika ndizi mbivu juu ya bati la banda la mbuzi zikauke, niziweke katikati ya biskuti kama zile za dukani zenye krimu. Mvua ilikuja bila hata ngurumo. Nimeokota uji. Mama mkwe alikuwa barazani kwake akiniangalia ninavyokimbia na sinia, wala hakuinuka.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimepata njia. Nilikaanga karanga, nikazitwanga kinuni mpaka zikatoa mafuta yake. Unga wa ulezi uliobaki tangu Krismasi nikauchoma kwenye kikaango bila mafuta, nikikoroga bila kupumzika mpaka ukanukia. Nikachanganya na asali. Vilishikana! Nilifinyanga donge, nikalitupa juu nikalidaka, halikuvunjika.

Josiane alilamba mwiko, akafikiri. "Ni tamu. Lakini si biskuti, Mama. Ni donge."

Ni kweli. Katikati lazima pawe na kitu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Kila kinachotaka jua kimenishinda. Nitafute kinachotaka moto tu.

Jumamosi, 22 Machi

Frednand amekuja na mananasi, amefunga nyuma ya pikipiki, ya mviringo na yaliyoiva mpaka chini. Nimeyamenya, nikayakuna, nikayaweka—— nimekatizwa na mbuzi, narudi.

Nimeyakuna, nikayabandika kwenye jiko la mkaa, moto mdogo, na maji ya pasheni mbili tatu. Yanachemka, yanapungua, yanageuka rangi. Ukiburuza mwiko chini ya sufuria na njia yake ikabaki wazi, yameiva. Yanakuwa mazito kama gundi, na utamu wake unatosha, hayahitaji sukari.

Kisha nikapasha jani la mgomba motoni lilainike, nikatandaza juu yake mchanganyiko wa karanga na ulezi, nikakata duara kwa mdomo wa kikombe. Kijiko kidogo cha nanasi katikati, duara jingine juu, nikabana kingo kwa vidole. Nikazipanga kwenye sinia na kuzifunika kitambaa. Baridi hii ya mvua inayonikosesha jua, leo imenifaa: asubuhi zitakuwa zimekaza.

Jumapili, 23 Machi

Zimekaza. Josiane aliuma ya kwanza taratibu, nanasi likamtoka pembeni ya mdomo. Akachukua ya pili.

Jumapili, 30 Machi

Josiane amekimbia leo. Kutoka kisimani mpaka nyumbani, na wenzake, na hakuwa wa mwisho. Nilisimama nyuma ya jiko nikalia.

Jumamosi, 5 Aprili

Unga wa ulezi umeisha. Nimepeleka mwingine mashineni kwa Jovitus. Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya misa, katekista Anastazi aliniita pembeni.

"Mama Josi, nasikia binti hali ngano."

"Ndiyo, mwalimu."

"Unajua hostia imetengenezwa kwa nini?"

Nilijua. Mkate ule mwembamba wa Komunyo ni ngano; nilikuwa najua tangu Mwanza na nimejificha nisilifikirie. Nimehangaika na biskuti mwezi mzima kana kwamba Komunyo ni chai ya ukumbini.

"Mwalimu, haiwezekani kutengeneza ya ulezi?"

"Haiwezekani. Ni ngano tu, ndiyo sheria ya Kanisa." Si mtu mkali, alikuwa anatafuta maneno. "Labda asubiri mpaka apone."

"Huu si ugonjwa wa kupona, mwalimu."

Alikuna kichwa. Paroko amesafiri, atarudi baada ya Pasaka. Nitamngoja. Josiane sijamwambia, na mafundisho ataendelea nayo.

Alhamisi, 10 Aprili

Josiane ametapika. Tumbo limevimba tena.

Ijumaa, 11 Aprili

Amelala siku nzima amejikunja. Nimemuuliza amekula nini, anasema kile kile ninachompa mimi. Uji wa mahindi, ndizi, maharage, biskuti zake.

Mchana nikaenda kwa mama mkwe kuomba kuni kavu. Nyuma ya nyumba yake, kando ya shina la kahawa, nikaona gazeti limelowa mafuta na vipande vya maandazi.

Naandika niliyosema, hata kama sipendi kuyasoma. Nilimwendea na lile gazeti mkononi. Nilimwambia, "Mama, umemlisha mtoto."

Alikuwa anachambua mchele. Akainua macho. "Mimi?"

"Hukuamini tangu siku ya kwanza. Ulitaka kunionyesha kwamba daktari ni mwongo. Sasa njoo umwone."

"Joyceline, sikumpa mtoto kitu."

"Haya maandazi yamekuja yenyewe?"

Aliweka ungo chini, akaingia ndani, nikasikia anafungua sanduku lake. Alitoka na kitenge kimoja kimefungwa fundo, akapita mbele yangu bila kuniangalia. Alisimamisha pikipiki barabarani. Ameenda Keza kwa binti yake Francisca.

Nilifikiri nitapata nafuu akiondoka. Jioni Josiane ameuliza, "Bibi yuko wapi?" Nimesema amekwenda kusalimia.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Hatukwenda kanisani. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Frednand amekwama Nyakahura, amepiga simu, nimemweleza. Akasema, "Mama yangu ana ubishi. Lakini hajawahi kudanganya." Nikamkatia simu.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuna nafuu. Kitu pekee anachokubali kula ni biskuti zangu. Nashukuru angalau hizo nina hakika nazo.

Jumatano, 16 Aprili

Leo ulezi uliosagwa umepungua, nikaenda kwa Jovitus na mwingine. Kulikuwa na foleni. Mbele yangu alikuwa mama mmoja na ndoo ya nafaka za uji wa lishe. Jovitus alipoimimina nikaona mahindi, nikaona soya, na katikati yake punje nyembamba za rangi ya kahawia, zenye mfereji mgongoni.

"Jovitus, hiyo si ngano?"

"Ni ngano, Mama Josi. Siku hizi kila mtu anataka ya lishe. Kliniki wamewafundisha wachanganye."

"Tangu lini unaisaga hapa?"

"Mwanzoni mwa mwezi huu." Mashine ilikuwa inanguruma, ikabidi apige kelele. "Leta ndoo yako, ni zamu yako!"

Nilitazama mdomo wa mashine. Unga wa yule mama ulikuwa bado umeganda pembeni, mweupe, na mwingine unapepea hewani. Jovitus akaugonga kwa kiganja, ukaanguka ndani, akanyoosha mkono kupokea ulezi wangu.

Nilikaa juu ya ndoo yangu. Mtoto amelala nyumbani wiki nzima, na mimi kila asubuhi namshika kichwa, namwambia, "Kula, mwanangu, hii ni ya Mama, hii haina kitu."

Jovitus alizima mashine, akaja. "Unaumwa?"

Nilimweleza. Aliangalia mashine yake kama mtu aliyeambiwa kwamba mbwa wake ameuma mtu. "Sikujua," akasema. "Ningejuaje?" Kweli, angejuaje. Mimi mwenyewe niliyefundishwa Mwanza sikujua.

Unga wote na biskuti zote nimewamwagia kuku.

Alhamisi, 17 Aprili. Alhamisi Kuu

Nimemwacha Josiane kwa jirani yetu Niragira na ndizi za kuchemsha, nikapanda pikipiki kwenda Keza. Mvua ilitukuta njiani. Mahali pawili tulishuka tukasukuma, tope mpaka magotini. Dereva aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, lakini endesha.

Mama mkwe alikuwa jikoni kwa Francisca anamenya maharage mabichi. Nilipiga magoti pale pale mlangoni, maji yananichuruzika.

"Shikamoo, Mama."

Alimaliza ganda alilokuwa nalo. Akachukua jingine. "Marahaba."

"Mama, ni mimi niliyemlisha. Ulezi wangu ulisagwa pamoja na ngano. Ni biskuti zangu. Wewe hukufanya kitu, na mimi nimekutukana na kukufukuza kwako. Nisamehe."

Alimenya. Francisca alitoka nje kimya kimya. Mvua ilipiga bati mpaka nikadhani hakunisikia, nikataka kurudia.

"Yale maandazi niliyala mimi," akasema. "Napenda maandazi. Tangu mmepiga marufuku, nikitoka sokoni nayala nyuma ya nyumba, nimesimama kama mwizi, ili mtoto asinione akatamani. Siku ile uliponiuliza, niliona haya. Mtu mzima kama mimi, kujificha na andazi."

Sikujua kama nicheke au nilie. Nilifanya vyote.

Akasema, "Inuka, unalowesha sakafu ya watu. Yule mtoto anaendeleaje?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba sina tena mahali pa kusaga, kinu changu kinatosha karanga lakini ulezi kinauacha chenga chenga. Alifikiri, akaenda nyuma ya nyumba ya Francisca na kunionyesha jiwe la kusagia limeegemea ukuta, na mwenzake mdogo wa mkononi.

"Hili lilikuwa la mama yangu. Nililiacha hapa mashine zilipokuja. Halijawahi kuona ngano, tangu Mungu aliumbe."

Tumerudi watatu kwenye pikipiki, nikihesabu na jiwe. Dereva alilalamika njia nzima.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Josiane ameomba chakula.

Jumamosi, 26 Aprili

Mama mkwe anasaga. Anapiga magoti mbele ya jiwe, anasukuma kwa mwili mzima, ananguruma wimbo kwa Kihangaza. Nilijaribu, mikono ikafa kabla ya kibaba kimoja. Alinicheka mpaka akakaa chini. Ulezi wake ni laini kuliko wa mashine.

Jumamosi, 3 Mei

Paroko amerudi. Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga, tayari kupigana. Hakukuwa na vita. Alinisikiliza, akasema, "Mama, Kanisa linawajua watu kama Josiane. Atapokea katika umbo la divai peke yake. Kristo mzima yumo, hapungukiwi chochote." Atakuwa na kalisi yake ndogo, kikombe cha divai ambacho hakitawekewa kipande cha hostia.

Katekista Anastazi alikuwepo. "Baba, sikulijua hili," akasema. Kisha kwangu: "Nilikwambia asubiri. Samahani, mama."

Nimetembea nyumbani bila kufungua mwavuli.

Jumamosi, 10 Mei

Josiane ametoka mafundisho analia. Hataki tena Komunyo.

Mtoto mmoja amesema anapewa kikombe chake peke yake kwa sababu ana ugonjwa wa kuambukiza. Wengine wakajisogeza mbali naye kwenye benchi.

Nilitaka kwenda kwa mama wa mtoto yule. Mama mkwe alinishika mkono. "Ulishakwenda kwa mtu mmoja na hasira," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Nikamuuliza Josiane anataka nifanye nini. Akasema, "Sitaki kuwa wa peke yangu."

Nimemweka akande ulezi na mimi.

Jumatano, 14 Mei

Anastazi amekuja nyumbani, amevua kofia, ameketi na Josiane barazani kama mtu mzima na mtu mzima mwenzake. Nilisikia nikiwa jikoni.

"Jumamosi nitawaeleza wenzako ugonjwa wako ni nini, na kwamba hauambukizi. Unakubali niwaeleze, au ueleze mwenyewe?"

"Nitaeleza mwenyewe. Lakini mwalimu usimame karibu."

"Nitasimama karibu."

"Mwalimu, divai ni chungu?"

"Kidogo," akasema Anastazi. "Usikunje uso."

Jumamosi, 17 Mei

Ameeleza. Anasema mwalimu alisimama karibu. Yule mtoto aliyemsema aliuliza swali moja tu: "Hata chapati huli?" Aliposikia hata chapati, akasema, "Pole sana."

Jumapili, 25 Mei

Kikao cha akina mama cha sherehe. Mwenyekiti ni Domisiana. Nikasimama nikaomba watoto wote waandaliwe biskuti zangu, na mikate isiwekwe kwenye meza yao.

"Biskuti zisizookwa?" akauliza Domisiana. "Mama Josi, sherehe ya parokia nzima ifuate tumbo la mtoto mmoja?"

Nilikuwa nimekuja nazo kwenye kitambaa. Nilimpa moja, sikubishana. Akauma. Wote wakawa wanamtazama mdomo. Alitafuna akamaliza, akajifuta.

"Mikate tutakula sisi wakubwa, nje," akasema. "Lakini ukichelewa kuleta, mimi simo."

Jua limewaka siku nzima. Nadhani masika yameisha.

Ijumaa, 6 Juni

Karanga zimekaangwa. Frednand amekuja mapema na mananasi. Mama mkwe anasaga tangu asubuhi, hataki kupokewa.

Jumamosi, 7 Juni

Tatizo. Mvua imekwisha na baridi yake imekwenda nayo. Biskuti hazikazi. Mpaka saa sita mchana zilikuwa laini, ukiinua moja inabaki mkononi kama udongo. Niragira akaja akaangalia, akasema kwao Burundi siagi waliitumbukiza kisimani. Tumefunga masinia kwenye majani ya migomba, tukayashusha bondeni, kwenye maji ya chemchemi chini ya kivuli. Frednand amekaa huko mchana kutwa kama mlinzi wa benki.

Saa kumi na moja zimekaza. Nimewasha mshumaa kwa Bikira Maria, nikalala na nguo za jikoni.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Walipanga foleni kwa mavazi meupe. Josiane alikuwa wa kwanza. Anastazi ndiye aliyeomba hivyo, ili wengine wamfuate, si yeye awafuate. Paroko aliinua kalisi ndogo. "Damu ya Kristo." Sauti ya mwanangu niliisikia mpaka nyuma: "Amina." Akanywa. Akakunja uso, akaukunjua haraka.

Ukumbini waliketi wote kwenye meza moja. Nilisimama na birika la chai. Masinia yakapita. Josiane alichukua kama wengine, kutoka sinia moja na wengine, na hakuna aliyemwangalia, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaangalia kama mwenzake amechukua kubwa kuliko yake. Yule aliyewahi kumsema alikuwa amekaa kiwiko kwa kiwiko naye, wanabishana juu ya kitu, nadhani juu ya gauni.

Sikuweza kusogea pale. Domisiana alinisukuma begani: "Mimina chai, mama, watoto wana kiu."

Mama mkwe alifika ukumbini mwisho, taratibu, magoti yanamuuma kwa kusaga. Masinia yalikuwa yamebaki matupu. Alisimama akayatazama, na hapo ndipo nilipojua kwamba katika miezi yote hii mwanamke huyu hajawahi kuonja hata moja. Ulezi wote alimsagia mtoto.

Josiane alimwona. Akashuka kwenye benchi, biskuti yake ya mwisho mkononi, akaimega katikati na nanasi likavutika. "Bibi, chukua."

Alitafuna upande wenye meno. Alitafuna kwa muda mrefu, uso wa hakimu. Watoto waliokuwa karibu wakageuka kumsubiri.

"Asali imezidi," akasema. Kisha akalamba kidole gumba, akalamba na cha pili, akamtazama mjukuu wake. "Hakuna nyingine?"